"Tutakupigia" ni siku gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Najua barua ndefu huwa mnazikata. Ikibidi kukata, kateni yanayonihusu mimi, mniachie ya koti na ya simu.

Nina steshenari Mabibo, si mbali na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kutolea kopi, printa inayogoma kila mvua ikinyesha, na kiti cha kupigia picha za paspoti chenye kitambaa cha bluu nyuma yake. Wateja wangu ni wanachuo, wale wa Hosteli ya Mabibo na vijana wa Kigogo, Manzese na Makuburi. Kuchapa ukurasa shilingi 1,000, kuprinti 200, kopi 100, bahasha ya kaki 300. Nipo hapa tangu 1999. Vijana wananiita Mama Steshenari, na siku hizi hata mjumbe wangu ananiita hivyo.

Nina neno moja tu kwa waajiri wa jiji hili. Mtu uliyemwita usaili, akaja kwa miguu yake, akakaa mbele yako ukamuuliza maswali, mjibu. Sisemi umpe kazi. Nasema mjibu.

Sasa koti. Kwenye msumari, pembeni ya kile kitambaa cha bluu, pametundikwa koti la kijivu lililokuwa la marehemu mume wangu. Anayekuja kupiga picha bila koti analivaa kwa dakika mbili, namvisha tai ya lastiki, na kama ni mwembamba namkaza mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Picha ikitoka unamwona mtu kama meneja wa benki. Kwa kuwa picha inaishia kifuani, vifungo vya chini vilipodondoka sikuhangaika navyo.

Mwaka jana, mwezi wa pili, kijana mmoja wa Kigogo aliingia jioni nikiwa nafagia. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha akasimama pale pale anatazama ukutani.

"Mama, hilo koti huwa unaliazimisha?"

Nilikuwa namfahamu. Sivii yake nimeichapa mimi na kuirekebisha mara nne. Ana stashahada ya ununuzi na ugavi, na miaka mitatu baada ya chuo alikuwa deiwaka kwenye maghala ya Vingunguti, kazi ya kupakua mifuko. Siku hiyo alikuwa amepigiwa simu: kesho saa tatu asubuhi, usaili wa mtunza stoo kwenye kampuni moja Barabara ya Nyerere. Kampuni siitaji. Ina ukuta mrefu na geti jeusi, na ziko nyingi za namna hiyo.

Nikatoa kopo la vifungo. Cheusi kilikuwepo kimoja tu, cha pili nikashona cha kahawia, kile cha chini kabisa. Nikamwambia, mwanangu, ukikaa weka mkono wa kulia hapa. Wakati nashona nilikuwa namsaili. Nikamuuliza: kwenye leja una katoni 40, kwenye rafu ziko 37, unafanyaje? Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Nahesabu upya nikiwa na mtu mwingine, natazama kadi ya stoo, natazama hati zote za kutolea mzigo za wiki ile. Zisipoonekana naandika ripoti siku hiyo hiyo. Sisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu mwisho wa mwezi zitakuwa zimepungua tena na mwizi nitakuwa mimi." Nikajisemea moyoni, huyu stoo anaijua kwa mgongo wake.

Hawakumuuliza hata moja kati ya hayo. Alifika saa moja na nusu, akaingia saa saba mchana. Mezani walikuwa watu watano, watatu wanachezea simu. Walimwambia ajieleze, wakamuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano, wakamtaka ataje udhaifu wake. Yote kwa Kiingereza, kwa kazi ya stoo ambayo toka getini mpaka kwenye leja inafanywa kwa Kiswahili. (Hilo nalo lina barua yake, nitaandika siku nyingine Mungu akinijalia.) Baada ya dakika kumi na mbili mwenyekiti wao akafunga faili akasema, "Sawa, tutakupigia."

Mhariri, hapo ndipo kijana alipofungwa.

Aliacha kwenda Vingunguti, maana ndani ya ghala kelele za mashine zingemfanya asisikie simu. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na betri inayokufa kufikia adhuhuri, akawa anakuja kwangu kuichajisha, anakaa kwenye benchi la nje anaitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Namba ngeni ikiita anasimama wima kabla ya kupokea. Mwezi wa nne mjomba wake wa Kahama akamwita akamsaidie dukani, chakula na malazi bure na mshahara kidogo. Akakataa. Nilimgombeza. Akanijibu, "Sasa mama, wakinipigia nikiwa Kahama?"

Sikuwa na jibu. Walisema watapiga, na mtu mzima akisema atapiga, wewe ni nani umwite mwongo?

Mwezi wa saba uvumilivu ukanishinda mimi, yeye bado alikuwa nao. Nikaitafuta namba ya ile kampuni, nikafunga mlango, nikapiga. Niliwahi kuwa katibu muhtasari, na ile sauti bado ninayo. Nikiitoa, watu huhisi wameunganishwa na ofisi ya mkurugenzi. Nikaomba ofisa rasilimali watu. Akaja binti mwenye adabu tu, Mungu ambariki.

"Habari za kazi. Naulizia usaili wa mtunza stoo wa mwezi wa pili. Matokeo yake vipi?"

"Ee, hiyo nafasi mbona ilijazwa zamani, mama. Ile ile wiki ya pili."

"Na waliokosa mliwaarifu?"

Kimya kidogo. "Kwa kweli hapana, mama. Walikuwa wengi."

"Wengi wangapi?"

Nikasikia anafungua karatasi. "Kumi na mmoja."

Nikamshukuru, nikakata simu. Kijana alikuwa nje kwenye benchi, simu yake kwenye chaja.

Naomba sasa mniruhusu yale yanayonihusu mimi, kama hamjayakata.

Nilimaliza Chuo cha Uhazili Tabora mwaka 1987. Nilikuwa na maneno 50 kwa dakika kwenye taipureta na hatimkato yangu, yale maandishi ya mkato ya kunukuu maneno haraka, ilikuwa nzuri. Nikaja Dar es Salaam kwa baba mdogo, Magomeni, nikaandika barua za maombi kwa mkono, nikaitwa kwenye shirika moja la umma. Walinipa barua ya kuchapa, wakanisomea imla, wakaniuliza maswali mawili matatu, wakaniruhusu niende. Siku ya kumi na sita baba mdogo alirudi na bahasha kutoka kwenye sanduku la posta la shule aliyokuwa anafundisha. Ndani mna barua yenye kumbukumbu namba, tarehe, jina langu limeandikwa sawasawa, na aya mbili zinazosema kwa kifupi kwamba nafasi imepata mwingine mwenye uzoefu zaidi. Nililia jioni ile. Asubuhi nikaamka, nikapanda basi la UDA, nikapeleka maombi mengine. Barua ile ninayo mpaka leo. Ndiyo iliyoniruhusu kuamka.

Baada ya mwezi nikapata kazi kwenye shirika jingine, Barabara ya Pugu, hii hii mnayoiita leo Nyerere. Mwaka 1991 tulisaili watu 43 kwa siku tatu, nafasi mbili za makarani wa mauzo. Walipopatikana wale wawili, Meneja Utumishi akaniita, akanipa orodha ya majina 41. Nikamwambia, mzee, barua ni ile ile, nikate stensili moja tudurufu, majina nitajaza. Akaniangalia juu ya miwani. "Mtu kapanda basi kuja kwetu, kila mmoja mwandikie ya kwake." Nilianza saa nane mchana, kila barua na kaboni yake na nakala ya faili, nikamaliza giza limeingia. Vidole vilikuwa vinawaka moto. Mzee alinisubiri, akazisaini zote palepale, akanipa lifti mpaka Magomeni. Njiani nilikuwa namlaani kimoyomoyo.

Shirika lilibinafsishwa, mwaka 1998 tukapunguzwa kazi, na kiinua mgongo changu ndicho hiki chumba na mashine ya kwanza ya kopi. Sijaandika haya ili kusifia mashirika ya umma. Tulioyafanyia kazi tunajua vimemo vilivyopita pale, mtoto wa fulani anakuja na kikaratasi kutoka kwa mkubwa fulani na kiti kinapatikana. Nasema tu kwamba kwa taipureta, kaboni na stempu watu 41 walijibiwa, na leo, ofisi yenye intaneti na simu nane mezani, watu kumi na mmoja ni wengi.

Nawasikia waajiri wakinijibu kwamba sijui hali ilivyo. Naijua. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa sasa wa Benjamin Mkapa, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Kazi ni chache na watu ni wengi, sina ugomvi na hesabu hiyo. Na tangazo lako likiletewa bahasha mia sita sikudai uzijibu zote. Ulikwisha andika chini ya tangazo kwamba watakaowasiliana nawe ni walioteuliwa tu, basi ambaye hakuitwa anajihesabia mwenyewe. Mimi naongelea wale uliowateua. Uliowapigia simu. Walioacha kibarua siku hiyo, wakakopa nauli, wakaazima koti.

Tena tazameni Serikali, ambayo huwa tunaisema sana. Sekretarieti ya Ajira inasaili watu kwa maelfu, na bado majina ya walioitwa kazini inayatoa hadharani, na kwenye tangazo inawaambia wasiojiona humo wajue wamekosa na wasisite kuomba tena. Waliofaulu nafasi zikawa hazijatosha wanawekwa kwenye kanzidata, likitokea pengo wanaitwa. Siku orodha ikitoka chumba changu kinajaa. Wananiinamia begani, kidole kinashuka kwenye kioo cha kompyuta, jina kwa jina. Wapo wanaopiga kelele mpaka muuza chipsi wa jirani anakuja kuuliza kuna nini, na wapo wanaotoka kimya bila hata kuchukua chenji. Lakini usiku ule kila mmoja analala anajua. Naomba kampuni ya Barabara ya Nyerere iniambie inashindwa nini na watu kumi na mmoja.

Ofisa mmoja wa utumishi, mteja wangu wa siku nyingi, alinieleza sababu mbili bila kuficha. Ya kwanza, yule wa pili na wa tatu huwekwa akiba, maana wa kwanza anaweza kukataa mshahara au akakimbia ndani ya muda wa majaribio. Nikamwambia hiyo ni haki yenu, ila mwambieni kuwa ni wa akiba, na mpaka tarehe gani. Mtu akijua ni wa akiba mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, mwezi wa nne anakwenda Kahama. Sababu ya pili ilinichekesha: ukimjibu mtu atarudi kuuliza kwa nini amekosa. Ndiyo, atauliza! Mtu mwenye akili lazima aulize.

Na hapo pana jambo. Binti mmoja niliyemchapia maombi, mhasibu, aliulizwa kwenye usaili kama ameolewa, na kama ana mpango wa kuzaa karibuni. Akajibu kwa upole kuwa ana mtoto mmoja. Tutakupigia. Mpaka leo hajui kama alikosa kwa sababu ya hesabu zake au kwa sababu ya mtoto wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, na kwa kifungu hicho mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kama mwajiriwa. Nimeiprinti, nimeibandika ukutani karibu na bei za kopi. Lakini atashtaki nini, wakati hata hajaambiwa kuwa amekosa? Kimemo cha mjomba nacho kinapita vizuri mahali ambapo hakuna anayetakiwa kuandika jibu.

Binti huyo huyo yalimpata mengine. Mwezi wa tisa nilikuwa kituoni Ubungo nikanunua karanga. Zilifungwa kwenye karatasi nyeupe iliyosokotwa, mnazijua. Nilipofika nusu nikaona mstari mara mbili chini ya neno "WADHAMINI". Huo mstari mara mbili ni wangu, ndivyo ninavyochapa mimi, nimezoea tangu Tabora. Nikamwaga karanga mkononi nikaikunjua. Ukurasa wa pili wa sivii ya yule mhasibu: namba zake za simu, shule alizosoma, wadhamini watatu na namba zao, umetiwa mafuta na chumvi. Sijui ulitoka ofisi gani. Alikuwa amepeleka kwenye nyingi.

Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amepigiwa simu na sauti ya kiume, nzito, yenye mpangilio. Ikamtaja kwa majina matatu, ikamwambia usaili wake amefaulu, ripoti Jumatatu, ila atume 45,000 kwa ajili ya vipimo vya afya na kitambulisho. Akakopa kwenye kikoba, akatuma. Jumatatu alikwenda akiwa amesuka nywele upya, mlinzi akamwambia hakuna anayemjua. Sina ushahidi kwamba tapeli alipata namba kwenye karanga. Ninachojua ni kwamba alimkuta mtu anayesubiri. Kampuni nne zilizokuwa zimemsaili zingekuwa zimemwambia "umekosa", sauti ile ingempata anaosha vyombo, angeicheka na kukata simu. Na wenye ofisi mnaouza karatasi kwa kilo, tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake ipo. Zichaneni au zichomeni, au mrudishieni mwenyewe bahasha yake, ameinunua 300.

Nisiwaonee waajiri peke yao, na vijana wangu nao wasome. Msiniletee sivii ya rafiki yako nikubadilishie jina tu. Mwaka juzi mmoja alikwenda usaili na sivii inayosema yeye ni mkunga, kwa sababu tulisahau ukurasa wa pili. Tena msinitume niwaandikie uzoefu wa miaka mitano wakati mmemaliza chuo mwezi wa kumi na moja. Anwani ya imeili inayoanza na "totolamjini" ilikuwa nzuri ukiwa kidato cha nne. Na jambo kubwa kuliko yote, ambalo sasa namwambia kila anayetoka hapa na koti au bila koti: wakisema tutakupigia, usitoke. Uliza, kwa adabu, "Samahani, nitegemee jibu mpaka tarehe ngapi?" Wakitaja tarehe, iandike mbele yao. Ikipita siku tatu piga simu wewe, mara moja. Wasipopokea, hilo ndilo jibu, nenda Kahama. Wako wanaoogopa kuwa swali hilo litawakosesha kazi. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza ile naandika hatimkato miaka kumi, sijawahi kuona mtu akikatwa kwa kuuliza tarehe. Nimeona wakikatwa kwa kuchelewa, kwa kusema vibaya mwajiri wa zamani, na mmoja kwa kupokea simu katikati ya usaili akamwambia mwenzake "nipo kikaoni".

Kwa waajiri, nimewarahisishia. Hii hapa, inaenea kwenye meseji moja ya simu, bando lolote linaibeba:

"Ndugu Fulani, asante kwa kuja kwenye usaili wetu wa tarehe 12. Nafasi imepata mtu mwingine. Usitusubiri. Tunakutakia heri."

Ni maneno 18. Pale penye Fulani wekeni jina, Meneja Utumishi wangu angewasumbua kwa hilo. Neno "usitusubiri" msilitoe hata kama mnaliona kali. Hilo ndilo lenye faida kwa mtu.

Kijana wa Kigogo nilimwambia mwenyewe, siku ile ile ya simu. Nilitoka nje nikakaa naye kwenye benchi, nikamweleza nilivyopiga na nilivyojibiwa. Nilidhani atavunjika. Akanyamaza kidogo, akachomoa simu kwenye chaja, akauliza, "Wiki ya pili?" Nikasema ndiyo. "Ya mwezi wa pili?" Nikasema ndiyo. Akahesabu kwa vidole, akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda. Kesho yake alikuwa Vingunguti. Kwa mjomba nafasi ilikuwa imekwisha chukuliwa na binamu yake. Sasa yuko kwenye ghala moja huko huko, bado mifuko, lakini msimamizi amegundua anajua leja na siku mbili kwa wiki anamkalisha mezani.

Koti lipo. Jumatano ijayo linakwenda Mikocheni, usaili wa saa nne asubuhi, nafasi ya dereva wa ofisi. Atakayelivaa ni kijana mwingine, mrefu kuliko marehemu, mikono inamzidi kidogo. Kifungo cha chini ni cha kahawia, sijapata cheusi. Mkiliona, mtajieni tarehe.

Mama Steshenari,
Mabibo, Dar es Salaam